Rais Aliyeangalia Ukuta

Kwenye ukumbi wa zimamoto wa Kesslerville, Pennsylvania, marais wote wa Marekani wamepangwa ukutani, kila mmoja na fremu yake, wakiwatazama watu wanavyokula. Wote isipokuwa mmoja. Huyo amegeuzwa, unaona mgongo wa fremu tu, waya na vumbi. Ndiye aliyepigiwa kura kuwa mbaya kuliko wenzake wote, na adhabu yake ni kuuangalia ukuta mwaka mzima, mpaka Jumatatu ya Siku ya Marais mwezi wa pili, watu watakapokutana tena kula, kubishana na kupiga kura upya.

James Buchanan alikuwa ameangalia ukuta miaka kumi na moja mfululizo. Walikuwepo watoto waliokulia mjini hapo wakiujua mgongo wa fremu yake kuliko sura yake. Na ni mtoto wa jimbo hilo hilo la Pennsylvania, nyumba yake si mbali na hapo, lakini watu wa Kesslerville hawakuwa na huruma na ndugu aliyewaaibisha.

Sheria za ubishi huo zilikuwa chache na hazikuwa na mchezo. Rais aliye hai haguswi. Aliyetawala ndani ya miaka hamsini iliyopita haguswi pia. Sheria hii ya pili ililetwa na Mama Erma Zook, aliyekuwa mkuu wa posta kwa miaka thelathini na sasa ni mwenyekiti wa shughuli. Aliileta baada ya wazimamoto wawili wazima, wenye wake na watoto, kumwagiana maji ya bomba uwanjani kwenye baridi ya mwezi wa pili kwa sababu ya rais aliyekuwa madarakani. Mmoja alilazwa na nimonia. Tangu siku hiyo Kesslerville wanagombana juu ya maiti peke yake, na wanagombana kwa raha zao.

Sheria ya tatu ndiyo iliyomnasa Lamar Hostetter. Majina ya marais wanne wanaodhaniwa kuwa wabaya zaidi yanatiwa kwenye kofia ya zimamoto, watu wanne wanachota, na unayemchota ndiye mteja wako. Hukatai, hubadilishani. Utasimama mbele ya watu kumtetea, na ukitaka utawashambulia wateja wa wenzako.

Lamar alikuwa na miaka sitini na sita. Maisha yake yote alitengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, akipita mashambani na gari lake la vifaa, na alikuwa mtu wa watu kwa maana ya kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akipingana na yeyote. Kila mwaka alifika ukumbini baada ya majina kuchotwa. Mwaka huo alikosea. Alifikiri uchotaji ulikuwa Jumapili iliyopita, kumbe ulikuwa Jumapili ile ile, na aliyekuwa anazungusha kofia alikuwa mwanawe mwenyewe, Kendall, mzimamoto mwenye mabega mapana na kicheko kikubwa.

"Chota, Baba," Kendall alimwambia. "Leo huna pa kukimbilia."

Lamar akachota, akafungua karatasi, uso ukamshuka. Harlan Gehman, kinyozi wa mji, alichungulia begani kwake akapiga kelele ukumbi mzima ukasikia.

"Buchanan! Jamani, Lamar kampata Buchanan! Mungu akurehemu, bwana, na marehemu naye amrehemu."

"Wewe umempata nani?" Lamar aliuliza.

"Pierce. Mbovu naye, lakini mimi sihitaji kumsafisha. Nakuchafulia wako tu, kazi imekwisha."

Desturi ni kwamba mtetezi humchukua mteja wake nyumbani mpaka siku yenyewe, ili wazoeane. Kwa hiyo Lamar alirudi na picha kubwa ya Buchanan kwenye kiti cha mbele cha gari, akaifunga mkanda. Mzee mwenye nywele nyeupe zilizosimama, shingo imebanwa na tai nyeupe, na kichwa amekiinamisha upande mmoja, namna ya mtu anayekusikiliza kwa makini sana na ambaye hatafanya lolote.

Mkewe, Fern, aliitazama picha, akatazama huku na huko jikoni. Juu ya friji haikutosha. Karibu na jiko ingeungua. Akaishika, akaenda kuikalisha mezani, kwenye kiti cha tatu, kile cha dirishani.

"Hapo?" Lamar aliuliza.

"Ndicho kiti kisicho na mtu," Fern alisema, akageuka kumenya viazi.

Kilikuwa kiti cha Joelle, binti yao.

Inabidi niseme kilichotokea kwenye meza hiyo, maana bila hicho hadithi hii ni ya picha na kura tu. Miaka minne na ushee nyuma, Sikukuu ya Shukrani, familia nzima ilikaa hapo. Joelle alikuja na mumewe, Anselmo Cotto, mwalimu wa hesabu, na tumbo la miezi mitano. Kendall alikuwa ameshakunywa. Mazungumzo yakaingia kwenye uchaguzi, kwa rais ambaye ukumbini asingeguswa lakini nyumbani Erma Zook hakuwepo. Anselmo alisema neno moja la upole la kupinga. Kendall akaweka uma chini.

"Wewe si wa hapa," alimwambia. "Hata meza hii si yako. Rudi ulikotoka."

Anselmo alimtazama. Wazazi wake walitoka Puerto Rico, watu wenye uraia wa Marekani tangu enzi za babu zao, na yeye mwenyewe alizaliwa Reading, mji wa jirani.

"Nirudi Reading?" alisema. "Ni dakika arobaini tu."

Hakuna aliyecheka. Joelle hakumtazama kaka yake. Alimgeukia baba yake, aliyekaa kichwani pa meza na kisu cha kukatia bata mzinga mkononi. "Baba," alisema. "Sema kitu."

Lamar aliliona jibu. Lilikuwa pale, kwenye ulimi, la maneno matatu au manne. Akalitazama bakuli la mchuzi. Kisha akasema, "Tule jamani, chakula kinapoa."

Joelle na mumewe waliondoka kabla ya pai. Usiku huo Lamar alimwambia mkewe maneno aliyoyaona ya haki kabisa, ya kila upande: Joelle hakuwa na haki ya kuondoka vile, lakini yeye hana uwezo wa kumlazimisha abaki. Mambo yatapoa. Tusubiri.

Wakasubiri, au tuseme yeye alisubiri. Mtoto alizaliwa mwezi wa tatu, msichana, Noemi. Fern huenda Reading kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alfajiri, Lamar hutoka na kipimo chake cha upepo, akayakagua matairi ya gari la mkewe, akayajaza upepo, akamfutia kioo, akamjazia mafuta. Hakuna aliyemkataza kwenda naye. Hakuna aliyemwita pia, na yeye alishikilia hilo la pili. Lamar alimjua mjukuu wake kwa picha za kwenye simu ya Fern tu, akizikuza kwa vidole mpaka uso wa mtoto ukawa vidoti.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye kiti cha dirishani kabla Buchanan hajakalia.

Wiki mbili Lamar alisoma. Aliazima vitabu vitatu maktaba, akavaa miwani, akaandika hoja kwenye daftari lake la mafuta ya mashine. Na si kwamba hakupata kitu. Mtu wake hakuwa mwizi. Alimlea binti yatima wa dada yake akamwelimisha vizuri. Alikuwa na adabu kwa kila mtu. Alipenda sheria, alipenda amani, hakupenda kelele.

"Mbona si mbaya hivyo?" Lamar alimwambia Fern asubuhi moja, ana furaha kabisa. "Mtu mstaarabu. Bahati mbaya yake tu aliingia wakati nchi inapasuka."

"Ilikuwa inapasuka kwa nini?"

"Utumwa. Kusini wanataka kuendelea kumiliki watu, Kaskazini wanakataa. Lincoln akashinda uchaguzi, kabla hajaapishwa majimbo ya Kusini yakaanza kujitoa. Huyu bado ndiye rais, kabakiza miezi minne."

"Akafanya nini?"

"Ngoja, nimeona hapa, aliliandikia Bunge." Lamar alifungua ukurasa, akausoma kimya, kisha akaufupisha kwa sauti. "Anasema hivi. Majimbo hayana haki ya kuondoka. Lakini na serikali haina uwezo wa kuyalazimisha yabaki."

Kisu cha Fern kilisimama kwenye kiazi. "Rudia."

Lamar hakurudia. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imeshamfikia masikioni. Alitazama kile kiti cha dirishani, na yule mzee mweupe alikuwa pale pale, kichwa upande, anamsikiliza kwa adabu.

"Maneno hayo niliwahi kuyasikia," Fern alisema taratibu. "Sikuyasikia Bungeni."

"Fern, hii ni historia."

"Sawa. Basi niambie historia iliishaje. Wakarudi wenyewe, bila vita?"

Lamar alifunga kitabu. Fern alikuwa mwanamke wa maneno machache, na nadhani alikuwa ameyaweka hayo miaka minne akingoja mahali pa kuyatua. Alipoyatua, akaendelea na viazi.

Jumatatu ya Siku ya Marais ukumbi ulifurika. Theluji ilikuwa imeanguka asubuhi ikakatika, na jua la saa sita lilipiga kwenye magari mekundu ya zimamoto yaliyotolewa nje kupisha meza. Kulikuwa na nyama ya nguruwe na kabichi chachu, kulikuwa na tambi nene za kuku, na meza nzima ya pai za molasi zilizopikwa na wake za wazimamoto, ambazo haziguswi mpaka kura zihesabiwe. Kwenye meza ya mbele yalikaa makopo manne ya kioo yenye majina manne. Kila mtu mlangoni alipewa punje moja ya mahindi. Unaitia kwenye kopo la unayemwona mbaya zaidi, na mwenye kopo lililojaa kuliko yote ndiye anayeangalia ukuta.

Mama Erma aligonga kengele ya shaba. "Dakika tano kila mtu. Ukizidisha nakupigia king'ora. Na nikisikia jina la mtu aliye hai, utaosha sufuria zote."

Walianza wawili wa kwanza, aliyemchota Andrew Johnson na aliyemchota Harding, na watu wakawazomea kwa upendo. Kisha akaja Harlan kinyozi, ambaye kama alivyoahidi hakupoteza muda na Pierce.

"Mteja wangu alikuwa mlevi na hakufaa kitu," alisema. "Nimemaliza. Sasa tuje kwa jirani yetu. Nchi inawaka moto, jamani, na nyie ni wazimamoto, mtanielewa. Mahakama Kuu inatangaza kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hii hata awe amezaliwa hapa, babu yake amezaliwa hapa. Buchanan anasema nini? Anasema tuheshimu uamuzi, tutulie! Tayari alikuwa amenong'onezwa uamuzi wenyewe kabla haujatoka. Majimbo saba yanajitoa, moja baada ya jingine, mbele ya macho yake. Anafanya nini? Anahesabu siku za kustaafu! Sasa niambieni, mzimamoto anayekaa na bomba mkononi akisema moto hauna haki ya kuwaka na yeye hana ruhusa ya kuuzima, mnamwitaje?"

"Buchanan!" ukumbi ukajibu, meza zikapigwa ngumi.

Kendall, aliyesimama karibu na birika kubwa la kahawa, alicheka kuliko wote. "Mzee wangu, leo umepatikana!"

Lamar alisimama. Alikuwa na daftari lake. Alikuwa na yule yatima, na adabu, na bahati mbaya. Picha ya mteja wake ilikuwa imeegeshwa kwenye kiti pembeni yake, uso kwa watu kwa mara ya kwanza tangu kura ya mwaka jana, na watoto walikuwa wameisogelea kuishangaa. Akafungua daftari, akalitazama, akalifunga.

"Nilikuja kumtetea," alisema.

"Paza sauti, Lamar!" mtu alipiga kelele nyuma.

Akapaza. "Nilikuja kumtetea, na hoja ninazo. Si mwongo huyu, hakuiba hata kijiko. Mkikaa naye mezani mtampenda, mimi nimekaa naye wiki mbili. Harlan anasema alikuwa anahesabu siku. Si kweli kwamba hakujali. Nataka mnielewe hapo. Alijali mno. Nina hakika hakulala. Alichokuwa anataka ni kwamba kila mtu abaki mezani na asiwepo hata mmoja wa kumkasirikia yeye."

Ukumbi ulikuwa bado unatabasamu, ukingoja mzaha.

"Mtu wa namna hiyo akiona mmoja anamwonea mwenzake, anasema nyote wawili tulieni. Anajiona mtu wa haki. Anasema mambo yatapoa. Na yule anayeonewa anamtazama, anamwambia sema kitu, na yeye..." Lamar alilibana daftari kwapani. "Yeye anasema tule jamani, chakula kinapoa."

Tabasamu zikaanza kuzimika. Kesslerville ni mji mdogo, na yaliyotokea kwa akina Hostetter siku ile watu waliyajua, ila hawakuwahi kuyasema. Fern alikuwa ameketi meza ya pili, mikono mapajani. Karibu na birika, kicheko cha Kendall kilikuwa kimekatika.

"Baba," Kendall alisema kwa sauti ya chini. "Usianze."

"Nimechelewa kuanza, mwanangu." Lamar aliushika mgongo wa kiti cha Buchanan, akajikaza kisabuni. "Nakupenda, Kendall. Na siku ile ulikosea. Ulimwambia mume wa dada yako meza yangu si yake. Meza ni yangu, ni mimi niliyepaswa kukwambia pale pale kwamba ni yake, na kwamba wewe ndiye utoke mpaka umwombe radhi. Sikusema. Nilitazama mchuzi. Nakwambia leo, mbele ya watu wengi kuliko wa siku ile, ndiyo adhabu ya kuchelewa, yangu na yako."

Kendall alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Aliweka kikombe chini taratibu sana, akatoka kwa mlango wa upande, upepo wa baridi ukaingia, mlango ukafunga.

Ilikuwa bado kama dakika moja kwenye saa ya Mama Erma. Jina la mtu aliye hai lilikuwa limetajwa, lakini hakuigusa kengele.

"Wengine wote kwenye makopo haya, siwajui," Lamar alisema. "Huyu namjua. Kwa hiyo mnisamehe, sina utetezi."

Akaenda kwenye meza ya mbele, akatoa punje yake mfukoni, akaitia kwenye kopo la Buchanan. Ililia tik kwenye kioo kitupu, maana ilikuwa ya kwanza. Katika historia yote ya ukumbi huo hakuna mtetezi aliyewahi kumpigia kura mteja wake mwenyewe. Harlan, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa neno kwa miaka hamsini ya kunyoa watu, alisimama akavua kofia.

Sitawachosha na hesabu. Kopo lilifurika mahindi yakamwagika mezani. Sheria inataka aliyeshindwa amtundike mteja wake mwenyewe, basi Lamar alipanda ngazi, akamgeuza mzee ukutani. Kabla ya kumgeuza alimtazama mara ya mwisho, na nadhani alimwonea huruma, kwani mzee huyo hakuwa na Fern wa kumuuliza wala Reading ya kwenda.

Aliposhuka, Fern alikuwa amesimama chini ya ngazi na pai ya molasi imefungwa kwa taulo la jikoni.

"Hii haijakatwa," alisema. "Erma kaniruhusu."

"Twende wote Reading," Lamar alisema.

"Mimi njia naijua, Lamar. Nitarudi na akina Gehman. Nenda wewe."

Nje, uwanjani, jua lilikuwa limeanza kulainisha theluji. Kendall alikuwa pembeni ya gari la baba yake, bila koti, anakwangua barafu kwenye kioo cha mbele kwa nguvu za mtu anayepigana. Hakugeuka.

"Tairi la nyuma kushoto lilikuwa chini," alisema. "Nimelijaza."

Lamar alisimama na pai yake. Alimwona mwanawe mkubwa, mabega yake, kipimo cha upepo kikichungulia mfuko wa nyuma, na akajiona yeye mwenyewe alfajiri ya Jumamosi hamsini na ngapi, anainama, anapima, anajaza, anamtuma mwingine. Kumbe hili nalo alilirithisha.

"Ahsante," alisema. "Twende wote, mwanangu."

"Siwezi leo."

"Sikusema lazima leo. Lakini usiishie kwenye matairi. Mimi niliishia hapo, unaona mwenyewe."

Kendall aliendelea kukwangua kioo kilichokwisha kuwa safi. Baadaye akasema, bila kumtazama, "Mwambie... mwambie Anselmo nitampigia simu mwenyewe."

"Sitamwambia. Utampigia, atajua."

Kwa mara ya kwanza Kendall alimtazama, na kulikuwa na hasira machoni mwake, lakini alimfungulia baba yake mlango wa gari, akaishika pai mpaka Lamar alipokaa.

Njia ya Reading Lamar aliijua tangu ujana. Mashamba, ghala za mahindi, kilima, mto, kisha nyumba za matofali zilizobanana bega kwa bega. Alitaka iwe ndefu zaidi. Mara mbili alipunguza mwendo penye kituo cha mafuta, na mara zote mbili tangi lilikuwa limejaa. Maneno aliyokuwa anayapanga yaliongezeka kila maili, na alipoegesha mbele ya nyumba yenye namba aliyozoea kuiona kwenye bahasha, yote yalikuwa yamemtoka.

Aliyefungua mlango alikuwa Anselmo, na kalamu nyekundu ya kusahihishia sikioni. Walitazamana. Lamar aligundua kwamba alikuwa amesahau urefu wa mkwewe.

"Mzee Hostetter," Anselmo alisema. Hakusema karibu.

"Nilikuja..." Lamar alianza, akaacha. "Siku ile, mezani. Meza ilikuwa ya kwako pia. Kendall alikosea na mimi nilijua amekosea, na nikanyamaza. Nilikukosea zaidi yake, maana yeye angalau alikuwa amelewa. Nakuomba radhi. Sikuja kuomba mnikaribishe ndani. Hilo tu ndilo nililokuja kusema."

Anselmo alitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Nilikuwa nangoja uyaseme," alisema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nayangoja kila simu ikilia. Halafu nikaacha." Akavuta pumzi. "Ingia, Mzee. Umeacha baridi yote ya Pennsylvania inaingia kwangu."

Joelle alikuwa amesimama mwisho wa ukumbi mwembamba, mikono imejaa unga, na alikuwa amesikia kila kitu. Alikuwa na mvi moja mbele ambayo Lamar hakuijua. Hakuja kumkumbatia. Alimtazama baba yake kutoka kofia mpaka viatu vyenye theluji.

"Dakika arobaini, Baba," alisema. "Safari ya dakika arobaini, umeitembea miaka minne."

"Najua, mama."

"Hujui. Kila Jumamosi nilikuwa naliangalia gari la Mama likiingia. Naangalia kiti cha pembeni."

Safari hii Lamar hakutafuta bakuli la kuangalia. Alimwangalia binti yake, akaacha machozi yashuke bila kuyafuta, maana mikono ilikuwa na pai.

Nyuma ya mguu wa Joelle kichwa kidogo kilijitokeza, nywele zimesukwa mikia miwili. Mtoto alimchunguza mgeni bila haya.

"Huyu nani?"

Joelle alijifuta unga kwenye aproni, akachukua muda wake.

"Ni babu yako," alisema. "Alikuwa njiani."

Noemi alilipima jibu hilo, na halikumtosha. "Mbona amechelewa?"

Hapo ndipo mahali ambapo Lamar Hostetter, miaka yake sitini na sita yote, angesema kitu kuhusu chakula. Alipiga magoti kwenye zulia, pole pole, goti moja kisha jingine, mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto.

"Niliogopa," alimwambia. "Nilikosea, nikaogopa kusema nimekosea. Si kosa la mama yako wala la baba yako. Ni langu."

Noemi aliendelea kumtazama kwa makini, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akanyoosha mkono mmoja, akaligusa taulo la jikoni kwa kidole, na akauliza kama hiyo pai ni ya kuliwa leo.